Watu Watatu Wanatosha

Kijana akichaguliwa kwenda chuo, nyumbani na kanisani humwambia: ukifika, tafuta ushirika wa wanafunzi. Ushauri mzuri, lakini haujatosha. Katika ukumbi wa watu mia tatu unaweza kuimba kwaya, ukapanga viti na kukesha kwenye mkesha, na pasiwepo hata mmoja anayejua kwamba saa sita usiku simu yako inakushinda. Naamini kabisa kwamba kijana hatunzwi na umati. Anatunzwa na wawili watatu wanaomjua.

Tazama Danieli. Alipelekwa Babeli akiwa kijana, akabadilishiwa hata jina, ila Hanania, Mishaeli na Azaria walikuwa naye. Wengi huhubiri zile siku kumi za kula mboga na kunywa maji. Kwangu sura ya pili ina uzito zaidi: amri ya kuwaua wenye hekima ilipotoka, alirudi nyumbani akawaeleza wenzake, wakamlilia Mungu pamoja. Alikuwa na watu wa kuwaeleza. Na kwenye tanuru la sura ya tatu Danieli hatajwi; wale watatu walisimama bila yeye.

Basi muwe watatu au wanne. Mkifika sita, wawili wataanza kunyamaza. Muwe wa jinsia moja, kwa sababu mvulana na msichana wakiungamiana usiku hujenga ukaribu ambao wote wawili wanauita maombi mpaka maji yamezidi unga. Kutaneni mara moja kwa wiki, dakika 45, simu zikiwa mbali. Jumatatu inafaa kuliko Ijumaa: mambo ya wikiendi bado mabichi.

Someni zaburi moja fupi, kisha ulizaneni. Hapa ndipo vikundi vingi vinapofia. Ukimuuliza mtu "unaendeleaje kiroho?" atajibu "namshukuru Mungu," na kikao kimekwisha. Uliza kitu chenye jina. Wiki hii umesali siku ngapi? Ukiwa peke yako umetazama nini kwenye simu? Boom, ile hela ya mkopo wa chuo, limeingia; kiasi gani kimekwenda kwenye mkeka wa kubeti? Nani hujamsamehe? Dakika 15 za mwisho ombeaneni kwa hayo hayo yaliyotajwa, msikimbilie kuombea mataifa.

Anayesumbuliwa na kubeti alipe kodi ya geto siku ileile boom linapoingia, rafiki akiwa pembeni, na hela ya chakula aiache kwa huyo rafiki, achukue ya wiki kwa wiki. Anayejaribiwa usiku apige simu, asitume ujumbe, maana ujumbe hukaa bila kusomwa hadi asubuhi.

Kinachobomoa zaidi ni siri kuvuja, na mara nyingi huvuja ikiwa imevaa nguo za maombi: "tumwombee fulani, anapitia mambo." Kubalianeni tangu kikao cha kwanza kwamba hakuna neno litakalotoka bila ruhusa ya mwenyewe. Ila mtu akitaka kujidhuru, au akiwa ananyanyaswa, msikae na siri hiyo. Mpelekeni siku hiyohiyo hospitali au kwa mshauri wa wanafunzi, mkiwa naye, na maombi yaendelee huko huko.

Kuna na ubovu wa upole. Mtu anaungama jambo lilelile wiki ya tatu, wenzake wanasema Mungu ni wa rehema, wanafunga kikao. Yonadabu alikuwa rafiki wa Amnoni, mwana wa mfalme Daudi, na alimuuliza swali zuri kabisa: mbona unakonda siku kwa siku? Kisha akampa mbinu ya kumnasa Tamari, dada yake Amnoni kwa baba, ambaye Amnoni alimtamani. Kuulizwa hali yako hakutoshi. Kinachofuata ndicho kinachomtambulisha rafiki. Wiki ya tatu ikifika, aambiwe kwa upendo abadilishe kitu kinachoonekana: simu ilale chumba cha mwenzake, au jambo lipelekwe kwa mlezi mtu mzima anayeheshimika. Wote watatu mkiwa na udhaifu uleule, mlezi huyo anahitajika tangu mwanzo.

Halafu kuna likizo, ambayo huua vikundi vilivyo hai kabisa. Kijana anarudi mtaani kwa marafiki wa zamani, wale watatu wako mikoa tofauti. Kabla hamjapanda basi, andikeni nani atampigia nani, siku gani, dakika 20 zinatosha. Kila mmoja akisubiri mwenzake aanze, wiki ya pili hakuna atakayepiga.