Fungueni Yote au Fungeni Yote

Mwenye gari ambalo kiyoyozi kinapuliza hewa ya moto hahitaji kuhadithiwa. Madirisha ndiyo kiyoyozi. Lakini nyie abiria wa nyuma, nani aliwaambia mfungue moja tu?

Jana nilimbeba mjomba. Tulipogonga kilomita 80 kwa saa, akateremsha kioo chake nusu. DU-DU-DU-DU! Masikio yanaziba, yanazibuka, yanaziba tena.

"Mpwa, simama. Gurudumu linachomoka."

Nikamweleza kwa adabu zote kwamba ni upepo. Akaguna. Nikasimama. Kelele nayo ikanyamaza, msaliti mkubwa! Mjomba akashuka, akayapiga mateke matairi yote, akachungulia uvunguni, akapanda. "Haya, nenda polepole." Nikaenda polepole. Kimya.

"Umeona? Lilikuwa linataka kupigwa tu."

Nikaongeza mwendo. DU-DU-DU!

Hapo nikavaa uprofesa. Nikakohoa. "Mjomba, upepo ukikatiza kwenye uwazi wa dirisha, hewa ya ndani inabanwa na kuachiwa, pengine mara 15 au 20 kwa sekunde. Ni kama kupuliza mdomo wa chupa, ila chupa ndiyo gari na sisi tumo ndani. Kuna Mjerumani, Hermann von Helmholtz, alilichunguza jambo hili."

"Ndiye aliyetengeneza hili gari?"

"Hapana, mjomba. Alifariki 1894."

"Basi ndiyo maana. Fundi wake hayupo."

Jamani! Nikamwambia dawa yake ni kufungua kidogo kioo cha upande wa pili, upepo upate pa kutokea. Akacheka mpaka akakohoa: kelele ya dirisha itibiwe kwa dirisha jingine? Shemeji, aliyekaa upande huo, akashika nywele zake alizotengeneza asubuhi ile na kutamka neno moja: "Thubutu." Nikafungua la kwangu mbele. Kelele ikaisha, ila risiti zangu zote zikaenda na maji, kama si na upepo.

Na msiniambie ninunue gari jipya. Mapya yamezibwa kila upenyo, ukifungua dirisha moja la nyuma ndiyo yanatwanga zaidi.

Tulipofika mjomba akaubamiza mlango kana kwamba unadaiwa naye. Sikusema kitu, ni mjomba. Lakini huyu anayeniosheaga gari kisha akakisogeza kiti changu mbele, magoti yakagonga usukani, huyo si mjomba wangu. Huyo leo tutaonana.