Kilemba Hakikuanguka, Kiliangushwa

Ukishuka pwani ya Mtende, kusini kabisa mwa Unguja, siku ya bamvua maji yakiwa yamekupwa, ukafuata ukingo wa mwamba mpaka mchanga umalizike, utakikuta kishina cha jiwe. Kipana kama sinia la harusi, pembeni kimevaa chaza, juu kimechongoka pale nyundo zilipopita. Hapo ndipo kiliposimama Kilemba.

Jina tulilitoa sisi watoto. Lilikuwa jiwe la matumbawe, refu kupita paa la nyumba ya makuti, pana juu na jembamba chini, limesimama peke yake nje ya ukuta wa mwamba kama mzee aliyetoka barazani mara moja kutazama bahari. Kichwani palikuwa pameota kichaka, na kichaka kile kwa mbali kilikuwa kilemba hasa. Maji yakijaa kilibaki kichwa tu, kama kinachoelea. Yakipwa ilionekana shingo, na ukishaiona shingo unabaki kujiuliza kichwa chote kile kimeshikwa na nini.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mtu wa pweza. Alishuka na mchokoo wake, mimi nyuma na kikapu. Alikuwa na sharti moja: kivuli cha Kilemba ni cha kila mtu, lakini chini ya kidevu chake hapakaliwi. "Mjukuu wangu, bahari inakila hiki kila siku. Siku itakayomaliza, wewe usiwe hapo."

Nilikaidi mara moja tu. Yeye akiwa ameinama mbali kwenye mashimo, nilijiingiza chini nikalala chali. Dari lote lilikuwa matundu yenye kingo kali kama meno ya mbuzi ya nazi. Karibu na uso wangu palikuwa na duara lenye mistari iliyojipinda kama utumbo, na kando yake gamba la kombe lililozama nusu ndani ya jiwe, jeupe, zima, kana kwamba mtu alilibandika jana. Tone la maji likanidondokea mdomoni, la chumvi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba jiwe hili liliwahi kuwa hai, na kwamba pale nilipoweka pua yangu walipita samaki.

Mwamba wa pwani kama yetu ni matumbawe ya zama ambazo bahari ilisimama juu kuliko leo. Mara ya mwisho bahari ya dunia kuwa juu hivyo ilikuwa karibu miaka 125,000 iliyopita, barafu ya duniani ilipokuwa pungufu, na maji yalizidi ya sasa kwa mita kadhaa. Yalipoteremka, matumbawe yakabaki juani, yakawa maweni haya ambayo wazee wetu wamelima mtama na choroko ndani ya mashimo yake. Kisha bahari ikaanza kuyala tena kwa chini. Wengi tunadhani mkataji ni wimbi, na wimbi lina sehemu yake, lakini lina wasaidizi wengi: maji yanayoyeyusha chokaa, chumvi inayokaukia ndani ya vitundu na kuvitanua, konokono wa pwani wanaokwangua ukijani juu ya jiwe kwa meno yao na kuondoka na unga wa jiwe humo humo, na viumbe wengine wanaotoboa vyumba vyao ndani kabisa. Kazi yote hiyo hufanyika baina ya kupwa na kujaa. Ndiyo maana ukitembea pwani ile utaona shingo za mawe zote ziko kimo kimoja, kama fundi mmoja alipita na uzi. Na ukiona mkato wa namna hiyo juu, mahali ambapo maji ya leo hayafiki hata bamvua la Kusi, basi umeona bahari ya zamani ilipokuwa ikikomea.

Mawe yaliyosimama kwa mizani watu wanayajua zaidi kwa picha za kwengine. Watanzania wengi wakisikia habari hizi hufikiria Mwanza, lile jiwe la Bismarck ndani ya Ziwa Victoria, na haki yao. Lakini yale ni matale, yaani graniti, si matumbawe, na kusimama kwake kuna hadithi nyengine. Jiwe hupasuka likiwa bado chini ya udongo, maji yakapita kwenye nyufa na kula pembe mpaka kila pande likawa duara, kisha mvua za miaka na miaka zikauondoa udongo na kuyaacha yamepandana vile vile yalivyokuwa yamelala. Hakuna aliyeyapandisha. Ya Epworth, nje ya Harare, ni ya aina hiyo, na Zimbabwe imeyaweka kwenye noti zake kwa miaka mingi. Hata noti ya dola trilioni 100 iliyotolewa mwaka 2009 ilikuwa na mawe yale. Kule Mahabalipuram, kusini mwa India, kuna pande la tani zipatazo 250 lililokaa kwenye mteremko kama embe lililosahauliwa juu ya bati. Inasimuliwa kwamba mwaka 1908 gavana wa Kiingereza, Arthur Lawley, aliona ni hatari kwa watu wa chini, akaleta ndovu saba walivute. Ndovu walishindwa. Mpaka leo watoto wanateleza kwenye jabali lile na mbuzi wanalala kivulini.

Kuna jambo moja kuhusu mawe haya lililonigusa kuliko yote. Huko California na Nevada, wataalamu wa matetemeko ya ardhi huyatafuta mawe yaliyosimama kwa shida, wakapima ni mtikisiko wa nguvu gani ungetosha kuliangusha kila moja, kisha wakatafuta limesimama hivyo kwa muda gani. Likiwa limesimama miaka elfu kadhaa, basi mtikisiko wa nguvu ile haujapita hapo kwa miaka yote hiyo. Hakuna chombo cha kupimia kilichokuwepo wakati huo, ila jiwe lilikuwepo, na mtu akilisukuma ameufuta ushahidi wote.

Kilemba nacho kilikuwa na ushahidi wake, na niliwahi kuusoma kidogo. Mwaka 1991, nikiwa na miaka kumi, Bibi alikuwa akichimbua makumbi yake yaliyofukiwa pwani. Kunituliza, alichukua kamba ya usumba aliyoisokota mwenyewe, akailoweka, tukaizungusha pamoja kwenye shingo ya Kilemba, mimi upande huu na yeye ule. Pale ncha ilipokutana na kamba akafunga fundo. Ilikuwa pima mbili, kama mita tatu na nusu hivi. Kamba ile ilikaa miaka ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wake, hata baada ya yeye kufariki. Mwaka 2019 niliitoa, nikailoweka kama alivyoiloweka, nikashuka na binti yangu. Fundo lilipita ncha kwa vidole tisa. Nilikaa kwenye mchanga nikapiga hesabu: vidole tisa vya mzingo ni kama sentimita tatu pungufu kila upande, ukigawa kwa miaka 28 unapata kiasi cha milimita moja kwa mwaka. Baadaye nikasoma kwamba kisiwani Aldabra, kwenye bahari hii hii yetu, watafiti waliopima matumbawe ya pwani walipata wastani wa karibu hiyo hiyo milimita moja. Niliwaza Bibi angefurahi kiasi gani.

Mwaka uliofuata kikavunjwa. Kuna mtu alikuwa akijenga jirani na pale, akataka ukuta na akataka mandhari iwe wazi. Vijana niliowakuta na nyundo waliniambia, kwa adabu tu, kwamba wameagizwa, na kwamba jiwe lenyewe ni hatari kwa wageni, "na hata hivyo, kaka, hili si lingeanguka tu?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Nimeyasikia kwa watu wengi, wenye elimu na wasio nayo. Mwezi Oktoba 2013, kwenye hifadhi ya Goblin Valley huko Utah, Marekani, watu wazima waliokuwa wakiongoza vijana walilisukuma jiwe lililosimama juu ya shingo nyembamba, wakajirekodi wakishangilia, na walipoulizwa wakasema waliogopa lingemwangukia mtoto. Cornwall, Uingereza, mwaka 1824, luteni mmoja wa jeshi la majini na mabaharia wake waliling'oa jiwe la tani 80 hivi lililokuwa likiyumba kwa kuguswa, kuonyesha tu kwamba inawezekana. Watu wa pale walikasirika mpaka akaamriwa alirudishe, na akalirudisha kwa minyororo na winchi, jasho la miezi. Limesimama mpaka leo, lakini kule kuyumba kwake hakukurudi kama zamani.

Ni kweli mawe huanguka. Jiwe la Tandil, Argentina, tani 300 zilizokuwa zikiyumba ukingoni mwa mlima, ambalo watu walilitilia chupa chini ili walione likizisaga, lilianguka tarehe 29 Februari 1912 likavunjika. Mwaka 2007 mji ule ulipandisha la kuigiza mahali pake, na hilo haliyumbi. Tao la Darwin, tao la jiwe lililosimama baharini kule visiwa vya Galapagos, liliporomoka Mei 2021 kwa kuliwa na bahari, kama Kilemba kilivyokuwa kikiliwa. Lakini mzee aliyekufa usingizini na mzee aliyesukumwa ngazini wote wamekufa, na misiba yao haifanani. Halafu kuna hesabu: shingo ya Kilemba ilikuwa na upana wa zaidi ya mita moja. Kwa mwendo ule wa milimita, binti yangu na wajukuu wake walikuwa na nafasi kubwa ya kukikuta. Hatari ilikuwepo, Bibi aliijua kabla ya mjenzi, na aliimaliza kwa sentensi moja. Bango na kamba vingetosha.

Sisemi watu wasivunje mawe. Mimi nimezaliwa ndani ya nyumba ya mawe na chokaa, na Mji Mkongwe wote unaotupa jina duniani ni matumbawe yaliyovunjwa na matumbawe yaliyochomwa. Jiwe la kujengea lina machimbo yake, huko ndani maweni. Ninachosema ni kwamba mawe yenye shingo ya pwani yahesabiwe. Kila shehia yenye mwamba iyajue yake, yapigwe picha mtu amesimama pembeni ili kimo kionekane, yapimwe shingo, na mtu akija kuomba kujenga aambiwe mapema: haya hapa hayaguswi. Anayedhani jiwe lililoachwa halina faida na aende Michamvi Pingwe akaone watu wanavyotoka mbali kuja kula juu ya jiwe moja ndani ya maji, na wanavyovushwa kwa mashua bahari ikijaa.

Mwezi uliopita, bamvua la mwezi mpya, nilishuka tena na binti yangu. Hatua kama mia mbili kupita kishina kuna jiwe jengine, fupi, lililoegemea kidogo upande wa kusini, ambalo hatujalipa jina. Kamba ya Bibi imeanza kuoza ncha moja lakini katikati bado ni ngumu. Tuliiloweka, tukaizungusha. Pima moja na mikono miwili, na vidole vinne. Fundo amelifunga binti yangu.