Dakika tatu za daktari kwa mvutaji sigara

"Acha sigara, itakuua." Mvutaji huambiwa hivyo, akaandikiwa dawa ya kifua, akatoka. Habari ya kuuawa anaijua. Imeandikwa kwenye pakiti iliyo mfukoni mwake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Julai 2024 unataka kila mvutaji anayefika kituoni apewe ushauri wa sekunde 30 hadi dakika 3. Wanaopinga, wanaotaka ushauri mrefu zaidi, wanauliza: dakika 3 zitang'oa uraibu wa miaka 20? Wana hoja. Kati ya wavutaji 100 wasiosaidiwa, huacha 2 au 3. Ushauri mfupi huongeza mtu 1 hadi 3 tu. Ila kwa daktari anayeona wavutaji 500 kwa mwaka, hao ni watu 5 hadi 15, na si haba.

Kwangu mimi, kinachopimwa si urefu wa mazungumzo bali kilichomo. Utafiti wa mtafiti Russell na wenzake, London, 1979, ulionyesha hilo: walioshauriwa tu, waliacha 3.3% kwa mwaka mzima. Waliopewa pia kipeperushi na kuambiwa watafuatiliwa, 5.1%, wasioguswa kabisa, 0.3%.

Basi daktari aanze na swali hili: "Ukiamka, sigara ya kwanza unaivuta baada ya muda gani?" Ikiwa ni ndani ya nusu saa, chingamu ya nikotini, dawa ya kutuliza hamu ya sigara, iwe ya miligramu 4, si 2. Na amwonyeshe namna ya kuitumia, maana hapa ndipo wengi hukwama. Wanaitafuna mfululizo kama chingamu ya dukani, nikotini inamezwa na mate, wanapata kwikwi na kiungulia, kisha wanasema dawa haifai. Itafunwe polepole hadi iwashe, iegeshwe kati ya shavu na ufizi, mwasho ukiisha itafunwe tena, kwa nusu saa hivi. Kahawa na soda zikae mbali dakika 15 kabla, kwani tindikali huzuia nikotini kupenya mdomoni.

Wanaotaka ushauri mrefu nawaunga mkono kwa mjamzito, kwa mwenye ugonjwa wa akili, na kwa aliyejaribu akarudia mara kadhaa. Nawaunga mkono pia pale chingamu isipopatikana, au bei yake inapomshinda mtu anayenunua sigara moja moja. Hapo maneno ndiyo dawa pekee iliyobaki.

Kwa wengine wote, wakubaliane siku ya kuacha ndani ya wiki mbili, kisha apigiwe simu wiki ya kwanza, hamu inapokuwa kali zaidi. Muuguzi anatosha kuipiga.