Mbu aliyekataa vimelea maabara, je, atavikataa na nje?

Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamezalisha ukoo wa mbu wa Anopheles gambiae, waenezaji wakubwa wa malaria Afrika, ukoo usioshikika na malaria. Hawakuwatia mbu hao dawa wala jeni ya kigeni. Waliwalisha damu yenye vimelea vya malaria ya nyani, wakachagua wale ambao miili yao iliviua, wakawazalisha hao kizazi baada ya kizazi. Pasua utumbo wa mbu wa ukoo huo uutazame kwa darubini: pale ambapo kwa mbu wa kawaida ungekuta vifuko mviringo vyenye vimelea vinavyokua, unakuta vidoa vyeusi. Ni vimelea vilivyofunikwa gamba vikafa.

Tangu hapo wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaoamini kwamba tukiisoma DNA ya mbu vizuri tutaipata jeni ya kinga, tuisambaze porini, malaria ikome. Wengine wanasema mbu aliyezaliwa na kufugwa kizimbani hawezi kutufundisha mengi kuhusu yule anayetung'ata usiku.

Wa kwanza wana mengi ya kujivunia. Kwa muda mrefu Anopheles gambiae alihesabiwa kuwa mbu mmoja, kumbe ni kundi la spishi kadhaa ambazo hata mtaalamu hawezi kuzitofautisha kwa macho. Tangu 1993 kipo kipimo cha DNA ambacho mguu mmoja wa mbu unakitosha kujua ni nani. Si jambo dogo hilo. Gambiae mwenyewe hupenda damu ya binadamu na hung'ata sana ndani ya nyumba, ilhali ndugu yake arabiensis hunywa pia damu ya ng'ombe na huuma hata nje. Ukiwachanganya, utapanga vyandarua na dawa za ukutani kwa kubahatisha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Tanzania, mwaka 1998. Watafiti walichukua damu iliyokuwa tumboni mwa mbu na kuipima DNA ili wajue imetoka kwa watu wangapi. Kati ya mbu wasio na vimelea, asilimia 10 walikuwa wamenyonya watu wawili au zaidi usiku huohuo. Kwa wale ambao vimelea vilishafika kwenye tezi za mate, ilikuwa asilimia 22. Yaani kimelea kinamfanya mbu ahangaike kutoka mtu hadi mtu, na kila anapotua anakieneza. Hakuna darubini ambayo ingeonyesha hilo.

Lakini tuwarudie mbu wetu wa vidoa vyeusi. Walipolishwa vimelea vya binadamu vya Plasmodium falciparum vyenye asili ya Marekani ya Kusini, waliviua. Vile vya Afrika, bara la mbu hao wenyewe, vilipenya na kuendelea kukua. Mwaka 2013 sababu kubwa ilijulikana: kimelea kina jeni iitwayo Pfs47 inayokisaidia kukwepa kinga ya mbu, na umbo la jeni hiyo linatofautiana bara hadi bara. Kwangu mimi matokeo hayo yanabadilisha swali lenyewe. Kinga haimo ndani ya mbu peke yake. Inategemea mbu gani amekutana na kimelea gani.

Na si vimelea tu vinavyotofautisha maabara na porini. Tafiti nyingi za kinga ya mbu zimetumia malaria ya panya, ambayo humlazimu mtafiti kuwaweka mbu kwenye nyuzi joto 21 hivi, chini ya zile 26 au 27 ambazo falciparum hukuzwa nazo. Tena mbu wa porini aliyeambukizwa huwa na vifuko vichache tu tumboni, wakati wa maabara anaweza kuwa na makumi. Halafu yupo Anopheles quadriannulatus: maabara anaambukizika, lakini porini hahesabiwi kuwa mwenezaji, kwa kuwa humfuata ng'ombe kuliko mtu. Mwaka 2020 ikatoka habari nyingine, ya Kenya: mbu wenye kijidudu kiitwacho Microsporidia MB hawapitishi malaria, na mama hukirithisha kwa watoto wake. Anayetafuta kinga kwenye jeni za mbu pekee angempita mbu huyo bila kumwona.

Hata hivyo siungani na wanaotaka maabara iachwe. Mbu uliyemkamata porini hujui umri wake, alikula nini, wala alikumbana na joto gani, na huwezi kupima kazi ya jeni moja katikati ya hayo yote. Ninachokipinga ni kuruka kutoka kizimbani hadi kwenye mpango wa kueneza jeni porini. Katikati pana hatua: walishe mbu, wazao wa waliokamatwa mahali husika, damu ya watu wa hapohapo wenye vimelea. Ni kazi ngumu. Mara nyingi wanaobeba vimelea hivyo ni watoto. Wazazi lazima waridhie, na mtoto lazima atibiwe. Lakini inafanyika, na ndiyo inayostahili fedha kwanza.

Kwa hiyo ukisikia mbu mpya asiyeshika malaria ametangazwa, uliza alijaribiwa kwa vimelea gani. Huenda ni NF54, aina ya falciparum inayotumiwa na maabara nyingi duniani. Ina asili ya Afrika, lakini ilitolewa kwa mgonjwa aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, na imekuzwa kwenye vyombo kwa miongo kadhaa. Kama ni hiyo peke yake, jaribio la maana bado halijafanyika.