Zile saa za njiani

Mwaka 2008, Uingereza na Wales walipima muda wa maafisa wao wa probesheni, wale wanaosimamia watu waliopewa kifungo cha nje au waliotoka gerezani. Asilimia 24 tu ilikwenda kwa kukaa ana kwa ana na wanaosimamiwa. Kompyuta ilimeza 41, na 35 zikaishia kwenye barua, vikao na safari. Kamati ya Bunge la huko iliitaja hali hiyo kwa mshtuko mwaka 2011.

Hiyo 76 iliyobaki bado inanisumbua. Kumwandikia hakimu ripoti itakayoamua kama kijana atalala kwao au rumande ni kompyuta. Kujaza taarifa zilezile mara ya tatu ni kompyuta pia. Fomu ya muda haitofautishi.

Ndiyo maana natetea watafiti wanaowaomba maafisa waandike shajara, yaani kumbukumbu za kila siku za kazi yao. Chukua afisa wa hapa Kenya, ambaye kabla ya hukumu humtembelea mshtakiwa kwao, akamsikiliza chifu, majirani na aliyekosewa. Amepanda matatu, kisha bodaboda, kafika bomani na mama wa kijana hayupo. Fomu itasema: safari, saa tatu. Shajara ya jioni ile ingesema kwamba jirani aliinamisha uso jina la kijana lilipotajwa, na kwamba hapo ndipo afisa alipoanza kuogopa kumrudisha. Uamuzi wenyewe ulianzia kwenye saa zinazohesabiwa kama zimepotea.

Wanaoitilia shaka njia hii hawakosi hoja. Mtu akijua atasomwa hujipamba. Siri za wanaosimamiwa zinaweza kuvuja. Zaidi ya yote, afisa aliyelemewa na mafaili ndiye wa kwanza kuacha kuandika, na mtafiti akabaki na siku za wenye nafasi. Hii ya mwisho ni nzito kweli, ingawa ukurasa unaokatika katikati ya sentensi siku ya Jumanne nao ni ushahidi, na mtafiti anaweza kurudi kuuulizia. Mahojiano ya miezi baadaye hayana hata huo ukurasa. Afisa hukumbuka kazi kama alivyofundishwa.

Sharti langu ni moja: shajara zisipite kwa mkuu wa kituo. Zikipita, kufikia wiki ya pili zitakuwa zimeandikwa kwa lugha ya fomu: safari, saa tatu.