Mkopo Upo, Ghala Hakuna
Kinachoniudhi ni kumsikia mkulima wa vitunguu wa Kapchorwa, hapa Uganda, akihimizwa ashindane, huku mzigo wa Tanzania, uliokaushwa vizuri, ukivuka mpaka wa Mutukula bila kutozwa ushuru wa forodha. Sina ugomvi na jirani. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005 tuliukubali wenyewe. Lakini Mpango wa Maendeleo ya Parokia wa serikali yetu (parokia hapa ni eneo la utawala, si la kanisa), uliozinduliwa mwaka 2022, unaikopesha kaya shilingi milioni 1, fedha za kununulia mbegu na mbolea, ilhali kitunguu kilichovunwa mvua ikinyesha kinahitaji banda la kukaushia na ghala lenye hewa, ambavyo kaya moja (nani asiyejua?) haiwezi kujijengea. Basi kinauzwa shambani kingali kibichi, kwa bei aitakayo dalali.