Niacheni nilie, Mungu hajakasirika

Jumapili iliyopita baada ya ibada dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi alinishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Dada, mwaka mzima sasa, bado unamlilia mama? Mlokole hakai na huzuni hivyo." Sikumjibu. Nilipanda boda nikafika nyumbani bado natetemeka, ndo maana naandika.

Mama tulimzika Tororo mwaka jana. Tangu siku hiyo kila kitu kilikuwa kama kimefunikwa na vumbi. Matoke haina ladha, mtoto wa jirani akinichekea naona meno tu, na kwaya nikaacha juu koo lilikuwa linakaba kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Kanisani nilienda, lakini nakaa nyuma kabisa ili nitoke watu hawajaanza kuniuliza habari.

Sasa nisikilizeni. Jumanne moja nilikuwa natoka Mengo, mvua imekatika, jua limerudi, nikaona nipande tu Namirembe, kile kilima cha kathedrali pale Kampala, nikakae. Sikuwa hata na maombi mdomoni. Kathedrali mnaijua, ile ya matofali mekundu, ila iliyokuwepo kabla yake ilipigwa radi 1910 ikaungua, na hii ya sasa ikaja kukamilika 1919. Miaka tisa, banange! Nikawafikiria wale waumini walioamka wakakuta majivu pale walipokuwa wanaabudu, nani aliwaambia wafute machozi haraka? Nikafungua Isaya 61 kwa simu, "taji ya maua badala ya majivu", mstari ninaoujua tangu utoto na siku zote nilikuwa nakimbilia maua, siku hiyo ndo nikaliona lile neno majivu. Kumbe Mungu anayataja kwa jina, anayaona yapo kichwani mwangu, hajaniambia nijipanguse kwanza ndo nije. Nililia pale kwa benchi mpaka nikachoka.

Kutoka nje, kaloli, wale ndege wakubwa aina ya korongo, wanazunguka juu. Wale wale wa kwa takataka, wenye upara, ambao sijawahi kuwapenda. Lakini kule juu wametandaza mabawa, hawayapigi hata mara moja, upepo unawabeba tu, nikasimama nikiwatazama mpaka shingo ikauma na nikasikia mdomo wangu unasema, Bwana, hii ni nzuri. Neno "nzuri" sikuwa nimelitamka kwa miezi. Na machozi yalikuwa bado hayajakauka usoni.

Sawa, kuna watu wanajifungia na huzuni mpaka watoto wao wanakosa mzazi, hao waambiwe, nakubali. Na dada huyu najua ananipenda, matangani alipika siku tatu. Lakini Yesu alijua kabisa Lazaro anatoka kaburini muda si mrefu, na bado Yohana 11:35 inasema akalia machozi, na waliomwona wakasema angalieni jinsi alivyompenda. Mimi mama yangu nilimpenda hivyo hivyo.

Alhamisi nimerudi kwaya. Ubeti wa pili sauti ikakatika, mwenzangu wa pembeni akaendelea na sehemu yetu bila kunigeukia, wa tatu nikaingia naye.